Aliyefungwa Mkanda

Kiti cha abiria kilikuwa na joto. Gari lilikuwa limefungwa vioo tangu asubuhi, chini ya paa la yadi, pasipofika jua, na kiti cha dereva kilikuwa baridi kama inavyotakiwa. Cha pembeni yake, cha ngozi nyeusi, kilikuwa na vuguvugu la mahali ambapo mtu ameinuka sasa hivi. Fundi akatoa kiganja, akakirudisha tena, akaona hajakosea.

"Viti vya kupasha joto hivyo, shemeji," alisema Profesa. "Gari la daraja hili huwa navyo. Hujazoea tu."

Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa msimamizi wa stoo ya madaftari na chaki, na jina hilo alipewa na wenzake kazini kwa sababu hapakuwa na jambo duniani lililomshinda kueleza. Mambo ya magari alijifunzia kwenye simu, amelala chali, akitazama video za watu wanaobishana juu ya magari ambayo si yao. Miezi minne nyumba nzima haikusikia kingine ila sedani hii ya spoti: milango minne, ekzosi mbili, si la kitajiri hasa ila limekaa mlango wa pili kutoka kwa utajiri. Kwamba lilikuwa na miaka tisa, hakulitaja hilo. Watu wa namna yake hawatafuti gari la kuwafikisha mahali, wanatafuta jirani wa kuchungulia dirishani.

Fundi alikuwa kaka wa mkewe. Gerejini walimwita Sikio, kwa sababu aliweza kusimama kando ya boneti, akafumba macho, akakwambia ni plagi ya ngapi inayokosa. Hakumpenda shemeji yake, na hakujisumbua kuficha. Alikuja yadi kwa ajili ya mdogo wake tu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya ofisi, mikono juu ya tumbo la miezi sita. Mimba tatu zilimtoka kabla ya hii, hakuna iliyofika mwezi wa nne. Hii ilishika. Profesa akaapa kwamba mtoto wake hatapakizwa kwenye teksi chakavu, na hapo ndipo tamaa yake ya miaka mingi ilipopata kisingizio cha heshima.

Sikio alikuwa na karatasi yake ya ukaguzi, mistari sitini na miwili, na hakuna mstari aliouruka. Alifungua kisanduku cha fyuzi kwanza. Fyuzi ya kupasha viti haikuwepo, na tundu lake lilikuwa na vumbi la zamani. Alipomwonyesha dalali, bwana mmoja wa viatu vilivyochongoka na manukato ya kumwaga, dalali akasema haya magari yana akili, hukumbuka joto. Profesa akatikisa kichwa kukubali. Ukimwona mtu mzima anaitikia upuuzi kama huo, jua ameshanunua moyoni, ukaguzi ni wa kupitisha muda.

Mengine yote yalikuwa sawa. Oili safi, breki nzima, hakuna kutu, hakuna bodi iliyopigwa rangi ya pili. Sikio akavuta mikanda yote mpaka mwisho, kama afanyavyo kutafuta tope la gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko. Tope hakuliona. Aliona kwamba mkanda wa dereva ulikuwa mgumu, karibu mpya, na ule wa abiria ulikuwa umelainika na kuchakaa ukingoni kwa kushikwashikwa. Miaka tisa gari hili liliendeshwa na watu waliolichoka upesi, na aliyekaa ndani muda wote ni abiria. Karatasi haikuwa na mstari wa jambo hilo. Akaweka alama ya vema kwenye mikanda, akaendelea.

Walitoka kulijaribu saa nane mchana, Profesa kwenye usukani, Sikio nyuma ya dereva apate kusikiliza shokapu. Mbele, upande wa abiria, hapakuwa na mtu. Hawajafika hata kona ya kwanza, kengele ya mkanda ikaanza kulia, ile inayolia abiria akiwa hajajifunga. Profesa akaipiga dashibodi kofi, akaeleza kwa urefu namna sensa za kiti zinavyofanya kazi, na kengele ikazidi kulia. Sikio alikuwa anajaribu kuusikia mlio mdogo kwenye gurudumu la mbele. Basi akafanya wanachofanya mafundi wote wakitaka ukimya: akainama katikati ya viti, akauvuta ule mkanda, akaufunga juu ya kiti kitupu. Alikwisha kufanya hivyo maelfu ya mara katika maelfu ya magari, na hata jina la jambo hilo halipo, mkono hujiendea tu.

Kengele ikanyamaza.

Lakini mkanda haukulala kwenye kiti. Ulisimama mbali na ngozi, upana wa kiganja kilichotandazwa, ukapinda kwa juu mahali ambapo bega lingekuwa na kwa chini mahali ambapo paja lingekuwa, na Sikio alipoutazama aliuona unainuka kidogo na kushuka, unainuka na kushuka, polepole, huku harufu ikianza kuijaza ile kabini iliyofungwa, harufu ya mwili uliokaa mahali pamoja miaka mingi bila kuoga wala kufa, na shemeji yake yuko hapo hapo anasimulia nguvu za farasi na mkono mmoja ukipunga hewani, hasikii, haoni, hanusi, mtu ambaye hata moto angeueleza kwanza kabla ya kuukimbia.

Halafu sauti ikasema, karibu kabisa na sikio lake, bila haraka, sauti ya mnunuzi anayekagua bidhaa mbovu.

"Huyu wa usukani moyo wake unakosa pigo moja katika kila saba. Mafuta matupu. Hata nikipewa bure simchukui." Kisha ikamgeukia Sikio. "Wewe goti la kushoto limekwisha. Mapafu meusi. Labda miaka michache."

Sikio alitaka kuropoka aombe gari lisimame, lakini safari ilikuwa imekwisha. Walikuwa wanaingia yadi tena. Mdogo wake aliinuka kwenye kile kiti cha plastiki, akaja kuwalaki, mkono mmoja kiunoni, anatabasamu.

"Huyo naye amechoka," ilisema ile sauti. Kisha dharau yote ikaitoka, na hapo ndipo ilipotisha hasa. "Lakini wa ndani. Wa ndani hajatumika."

Sikio alimvuta Profesa pembeni ya ofisi, akamwomba asilinunue. Aliulizwa ubovu uko wapi. Akasema hakipendi kile kiti. Profesa akamwonyesha ile karatasi, mistari sitini na miwili, vema sitini na mbili, mwandiko wa Sikio mwenyewe, kisha akacheka na kumwita dalali asikie kwamba fundi mzima anaogopa kiti. Dalali akacheka pia, na alikuwa na kila sababu. Jioni ile gari lililala nyumbani kwa Profesa, na jirani kweli akachungulia.

Mdogo wake alimpa habari kidogo kidogo, kila alipopita gerejini, na kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Wiki ya kwanza alisema anapenda kile kiti, akikaa tu usingizi unamchukua. Wiki ya pili alisema kuna ajabu: akiwa garini mtoto hachezi. Anatulia mara mlango ukifungwa, kama anayesikiliza hadithi. Profesa alieleza kwamba ni kwa sababu ya shokapu. Wiki ya nne mtoto alikuwa hachezi hata baada ya mama kushuka, mpaka saa nzima ipite. Wiki ya sita hakucheza mpaka usiku.

"Kaka," alimnong'oneza, macho kwenye sakafu yenye oili, "jana nimesikia mtu anahesabu vidole. Polepole. Akafika kumi, akasema vizuri."

Waganga mjini hawakosekani, wengi wao ni wezi wenye vibuyu. Sikio hakwenda kwao. Alikwenda safu ya nyuma ya gereji, kwa mwanamke aliyeuza nguo za mtumba, ambaye watu walimwita Mama Mitumba na ambaye hakuwahi kujitangaza kwa lolote. Mdogo wake alimshawishi mumewe alete gari kubadilisha oili. Profesa alilileta, akaagiza lisiguswe na mikono michafu, akaenda kunywa chai.

Mama Mitumba hakuchoma kitu wala hakuimba. Alilizunguka gari mara moja, akasimama upande wa abiria, akaliangalia lile dirisha kwa muda, kisha akajifuta jasho shingoni.

"Nani alimfunga mkanda?" aliuliza.

"Mimi, mama."

Kisha akamweleza kwa sauti ya kunong'ona, akilipa gari mgongo. Huyu ni jini wa majivuno, hawi mwenyeji wa mahali mpaka akaribishwe. Miaka tisa alikuwa anaomba aketishwe, kwa ile kengele, na kila mwenye gari alimtukana, akaziba masikio, akauza. Hakuna hata mmoja aliyemjibu. Halafu fundi mmoja mwenye haraka akanyoosha mkono, akamfunga mkanda kwa heshima zote, kama anavyofungwa mgeni. Sasa ni mkaaji, na ameshachagua anakohamia. Wa kumwinua ni yule yule aliyemketisha, na akimwinua lazima ampe pa kukaa.

Sikio akauliza kama hawezi kupewa gari jingine, au kisima, au jiwe. Ndani ya gari, kioo kikiwa kimefungwa, wote wawili walisikia kitu kikicheka puani.

"Basi akae kwangu," alisema Sikio.

"Mwanangu, akikaa kwako hutamkaribia huyo mtoto. Umeelewa? Hajabadili nia. Wewe kwake ni mahali pa kusubiri."

Alielewa. Akafungua mlango wa abiria, na ile harufu ikampiga usoni mpaka machozi yakamlenga, akainama juu ya kiti ambacho mkanda wake ulikuwa umejifunga na kusimama wenyewe ukipumua, akatafuta kitufe kwa kidole, akakibonyeza, na badala ya kuuachia mkanda urudi aliushika kwa mikono miwili kama unavyomsaidia mzee kushuka, akasema karibu, neno moja tu, akasikia uzito unamwingia kupitia viganja, unapanda mikononi, unageuka kifuani, unakitafuta kiuno chake, unajipanga kwenye mgongo wake mfupa kwa mfupa kwa manung'uniko ya mtu aliyepewa chumba kibovu.

"Takataka," ilisema sauti, sasa ikiwa ndani.

Profesa aliporudi alilalamika kwamba oili mpya imelifanya gari liwe zito. Mdogo wake alipiga simu jioni analia kwa furaha. Mtoto alikuwa amecheza tangu saa saba, teke juu ya teke. Sikio alimwambia kimetoka, basi. Hakumwambia kimekwenda wapi.

Akazaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Sikio hakwenda hospitali. Hakwenda nyumbani. Alituma zawadi kwa mkono wa watu, na simu ya mdogo wake akawa haipokei. Kutwa nzima alitukanwa kutoka ndani: goti lake, kazi yake, pumzi yake fupi, chakula chake cha kimaskini. Alikonda. Alivumilia, na alijua anavumilia kwa ajili ya nani. Profesa alieneza kwa ndugu wote kwamba shemeji ana kijicho na gari, na kwa kuwa hilo ndilo jambo pekee ambalo akili yake ingeweza kufikia, aliliamini mwenyewe.

Mwezi wa tatu tangu ajifungue, mdogo wake alikuja gerejini mchana, bila kuaga mtu, mtoto kifuani analia. Sikio alikuwa chini ya lori. Aliviona viatu vyake, akajua, na kile cha ndani kikajua pia, kikaacha matusi.

Alitoka kwa sababu asingeweza kubaki chini ya lori milele. Mdogo wake alikuwa amevimba macho.

"Nimekukosea nini, kaka? Nimekosa watoto watatu. Huyu mmoja unamkataa?"

Akasema mikono yake ni michafu. Mdogo wake alitoa kitambaa cha mtoto, akaushika mkono wa kaka yake, akaufuta oili kidole kwa kidole, kisha wa pili, kwa upole uleule aliokuwa akiifanyia kazi hiyo walipokuwa wadogo na baba yao amerudi mkali. Sikio aliiamuru mikono yake ishuke. Aliiamuru miguu yake ikimbie. Mikono ilibaki imenyooshwa, viganja juu, na mdogo wake akamlaza mtoto pale.

Mtoto akanyamaza papo hapo.

"Unaona?" alisema mdogo wake, akicheka na kulia pamoja. "Anamjua mjomba wake."

Sikio akangoja atukanwe. Alingoja goti, alingoja mapafu, alingoja lolote. Ndani yake palikuwa kimya, patupu, pake mwenyewe, na angetoa chochote ili adharauliwe tena hata kwa neno moja. Mtoto alifumbua macho mikononi mwake, akamgeukia mama yake, akamtazama kuanzia juu mpaka chini, bila haraka, halafu akakunja mdomo.

"Haya," alisema mdogo wake, akimpangusa shavu. "Majivuno ya baba yake haya."