Swali Lisilo na Hakuna

Matokeo ya jaribio yalikuwa sita. Digrii aliyaandika kwa mkono wake, akayahesabu, akayakabidhi. Kwa hiyo mdogo wake alipompigia simu mchana na kumwambia amepata tokeo la saba, alidhani ni utani wa mtu anayekimbia vitabu vya mtihani.

Jina la Digrii alipewa na majirani, wala halikuwa la heshima. Alisomea saikolojia miaka minne, akavaa joho, akapigwa picha, kisha akakaa nyumbani miaka mitatu akimwaga barua za maombi kama anayewalisha kuku wa watu. Kazi aliyoipata mwishowe ilikuwa ndani ya chumba kimoja juu ya duka la magodoro, ambako watu watatu walitunga majaribio ya kuchezea kwenye simu: wewe ni tunda gani, wewe ni mkwe wa aina gani. Bosi, aliyemzidi umri kwa miaka mitano tu, na baba mwenye uwezo, alimwita intern, yaani mwanafunzi wa kazi, mwaka wa pili sasa. Vitabu vyote vile, ili amwambie mtu mzima mwenye ndevu zake kwamba yeye ni embe.

Wiki hiyo jaribio liliuliza: ungekuwa nani kwenye filamu ya muuaji? Zile filamu za vijana wanaokwenda kulala kwenye nyumba ya msituni, na mwenye kinyago akawamaliza mmoja mmoja. Digrii alikuwa na Mcheshi, anayekufa akitania. Mbishi, anayekufa akisema huko nje hakuna kitu. Kifua, anayekwenda kupigana na panga kwa ngumi. Mahaba, ambaye kifo humkuta kitandani. Mrudi-nyuma, anayeuawa kwa ajili ya simu aliyoisahau. Na Msalia, anayebaki hai ili aje asimulie.

Kilichomtoa jasho ni maswali. Bosi aliyataka kabla ya chai, naye kichwa kilikuwa kikavu, basi akachukua ya Shangazi.

Shangazi, dada wa marehemu baba yao, hutibu watu waliopandwa na majini. Utotoni Digrii ndiye aliyemshikia beseni, na maswali yale saba aliyajua kama njia ya kwao. Ukiitwa na sauti ambayo mwenyewe humwoni, huitika mara ya ngapi? Ukilala, miguu yako inaelekea wapi? Mgonjwa aliulizwa hivyo hadi la sita. La saba hakuachiwa. Shangazi aliuliza, nani aingie, kisha akajibu mwenyewe papo hapo, kabla mgonjwa hajavuta pumzi: hakuna.

Digrii aliandika Hakuna. Bosi akalifuta. Ofisi ilikuwa na sheria yake: kila swali majibu manne ya kuchagua, na Hakuna marufuku, kwa sababu mtu akishachagua hakuna hufunga ukurasa akaenda zake. Badala yake yakawekwa mama, ndugu yangu, mpenzi, mgeni. Sheria ya pili ilimtaka mtunzi ajibu kabla ya wengine wote. Digrii alijibu akiwa na njaa na hasira, na kwenye la saba akabonyeza mgeni, kumkomoa Bosi tu.

"Hilo tokeo lako linasemaje?" alimuuliza mdogo wake kwenye simu.

Huyo walimwita Kitinda nyumbani, kwa kuwa ndiye wa mwisho kwa mama yao. Mama alipofariki hakuacha nyumba wala kiwanja. Alimwachia Digrii huyo binti, na neno moja: usimwache.

"Linasema, wewe ni Anayefungua," Kitinda akasoma. "Atabisha kwa sauti unayoipenda. Dada, hii umeandika wewe? Imenitisha vizuri kweli."

Digrii alimgeukia Fundi, kijana wa kompyuta aliyekaa naye meza moja, akamwomba atafute neno Anayefungua ndani ya jaribio. Fundi alitafuta mara mbili. Halikuwamo. Akacheka kidogo, akanusa, akauliza nani amewasha kiberiti. Hakuna aliyevuta sigara pale. Lakini harufu ilikuwapo, ile ya njiti iliyowashwa na kupulizwa sasa hivi, imekaa mezani baina yao.

"Nilidhani ni wewe," Fundi akasema, sauti chini. "Asubuhi ulisinzia, dadangu. Saa nne hivi. Macho wazi. Ulikuwa unagonga kioo cha simu kwa ukucha, mara tatu, unapumzika, mara tatu. Nikasema maskini, njaa."

Digrii alikwenda kwa Bosi akamwomba arudishe Hakuna, sasa hivi, akamweleza maswali yametoka wapi. Bosi alisikiliza huku akitazama namba zikipanda. Watu elfu arobaini walishajibu. Akamwambia kwamba hiyo ndiyo inaitwa content, kitu cha kuvuta watu, na kwamba akitaka kuharibu kitu kizuri aharibu kwake nyumbani.

Nyumbani ndiko alikokwenda, mbio, bila mkoba.

Alimkuta Kitinda ameketi kitandani, vitabu mapajani. Mlango haukuwa umefungwa kwa komeo. Kitinda alimtazama kwa namna ya kumshangaa, akamuuliza leo amekuwaje, mbona hii mara ya pili. Saa nne alipokuwa anaoga alisikia hodi, ukucha mlangoni mara tatu, na sauti ya dada yake ikiomba kuingia. Akamjibu kutoka bafuni kwamba mlango uko wazi, asukume. Dada akasema hapana, mpaka uniambie ingia.

"Ukamwambia?"

"Sikuwahi, nilikuwa na sabuni machoni. Nilipotoka, ulishaondoka."

"Kwenye lile swali la mwisho ulichagua nini, Kitinda?"

"Ndugu yangu," Kitinda akasema, akaona haya. "Nina nani mwingine?"

Digrii alimshika mkono, wakatoka.

Jua lilikuwa kali, watu wananunua na kuuza, redio zinapiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba mambo haya yanaweza kutokea saa nane mchana, mbele ya watu waliokula wakashiba, huku harufu ya kiberiti ikiwafuata mtaa kwa mtaa, ikikata kona walipokata wao, ikisimama waliposimama, na kila alipomwachia Kitinda atangulie ili aone kama harufu itakwenda naye, haikwenda, ilibaki pale pale alipo yeye Digrii, karibu sana, kama vile njiti imewashwa ndani ya mdomo wake.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kabla hawajafika. Hakusalimia. Alimvuta Kitinda ndani, akamnusa shingo, akanusa hewa ya nje, kisha akafunga mlango na kusukuma komeo. Digrii akabaki barazani.

"Wewe mwanangu utanisamehe," Shangazi akasema kutoka ndani. "La saba ulijibu nini?"

"Mgeni, Shangazi. Nilikuwa natania."

Digrii alisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Akasikia Shangazi akimwambia Kitinda kwamba leo Shangazi hatamjibia, kwa sababu aliyekwisha kujibu hulifuta jibu lake kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha swali.

"Nani aingie?"

Na hapo Digrii akahisi ulimi wake ukiinuka bila yeye, na sauti ikatoka, sauti yake kabisa, tamu kuliko alivyowahi kuitumia, ikasema Kitinda wangu, jua linaniunguza huku, nifungulie, mama alisema tusiachane, na huku sauti ikisema hivyo yeye Digrii alikuwa anapiga kelele ndani kwa ndani, usifungue, usifungue mdogo wangu, akauuma mkono wake ili mdomo upate kazi nyingine, akauma hadi damu, na ukucha wa mkono wa pili ukawa unagonga ubao, mara tatu, unapumzika, mara tatu.

Ndani, Kitinda alikuwa analia.

"Hakuna," akasema.

Ukucha ukanyamaza. Digrii akashusha mkono wake wenye damu, akashukuru, na shukrani ile ilikuwa yake mwenyewe. Aliingoja harufu iondoke. Haikuondoka. Ilitulia tu, kama mtu aliyekosa kiti hapa akaangalia pengine.

Miguu ikamgeuza. Mlango wa pili barazani ulifunguliwa kabla hajaufikia, na jirani, mwanamke mwenye simu mkononi, alimtazama akitabasamu kama anayemfahamu siku nyingi.

"Nilichagua mgeni," jirani akasema. "Ingia."