Aliyebandua kwa Raha

Kama umetoka kula sasa hivi, ngoja kwanza chakula kitulie tumboni.

Jua lilikuwa linazama fundi aliporudi kutoka dukani kununua msasa. Fundi huyu alitengeneza makasha ya kompyuta kwa akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba aliyopanga na mkewe. Alikata mabamba, akatoboa matundu ya feni, akasugua kingo hadi zikalainika. Vijana wapenzi wa michezo ya kompyuta hawakutaka kasha la mtu mwingine.

Mkewe alikuwa na kazi moja tu humo, nayo aliipigania. Kila bamba jipya huja limefunikwa nailoni nyembamba ili lisikwaruzike. Kuibandua nailoni hiyo taratibu, ikitoka nzima nzima, ndiyo ilikuwa starehe ya bibie.

"Thubutu kubandua bila mimi! Utalala na hizo feni zako," alikuwa akimtishia, kisha wote wanacheka.

Jioni hiyo, mlangoni, fundi alimkuta mwanamke mtu mzima aliyevaa glavu hadi viwikoni. Miguuni pake palikuwa na mabamba yaliyofungwa kwenye shuka.

"Fundi, nitengenezee kasha la mwanangu," alinong'ona. "Nailoni usiiguse wewe. Humu ndani kuna mtu anapenda kubandua. Mwachie yeye."

Fundi alishtuka. Halafu akajiambia kwamba huenda bibie amejisifia huko kwa mashoga zake, maana mdomo wake haukuwa na breki. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akayapokea.

Yalikuwa na uvuguvugu.

Mkewe alikuja mbio akijifuta mikono kwenye kanga. Akatafuta kona, akaichokonoa kwa ukucha, akavuta. Nailoni ikatoka... polepole... na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Ilikuwa ya majimaji.

Harufu ikapanda. Ilikuwa ya bandeji iliyosahauliwa kwenye kidonda.

"Acha," fundi alisema. "Mke wangu, acha hicho kitu."

"Siwezi, inatoka vizuri..."

Upande wa chini nailoni ilikuwa na ute wa manjano, na kwenye ute, vinyweleo. Vifupi, vyeusi, vimepangana kama vya mkononi mwa mtu. Mate yalimjaa fundi mdomoni. Mkewe hata hakukunja pua. Alivuta bamba la kwanza, la pili, hadi la mwisho, macho ameyalegeza, na ute ukimtiririka kuelekea viwikoni. Alipomaliza ndipo akajitazama, akaguna, akakimbilia bafuni.

"Tumrudishie mwenyewe," fundi alisema mlangoni mwa bafu.

"Tutamrudishia vipi na nimeshazibandua? Maliza, liondoke humu ndani."

Basi akamaliza, shingo upande. Kesho yake kutwa alisugua kingo, na badala ya unga mweupe zikatoka nongo, zile za kijivu zinazoviringika mtu akijisugua bafuni. Zilimganda vidoleni, zikamwingia kwenye kucha. Alipopitisha moto wa gesi ili kingo zing'ae, zilichuruza mafuta na kunuka nywele zilizoungua. Alitapika kwenye ndoo, akafuta mdomo, akaendelea. Nailoni zilizotupwa zilikuwa zimejikunja pipani, na sisimizi walizizunguka bila hata mmoja kuzigusa.

Ikaingia jioni. Hodi ikagongwa.

Mwanamke yule alikuwa hana glavu. Mikono yake ilikuwa laini, mibichi, bado na unyevu, mikono ambayo uso wake mkavu haukustahili kuwa nayo.

"Nani kabandua?"

Fundi alisikia sakafu ikilia nyuma yake. Mkewe alikuwa amesimama pale, ukutani.

"Mimi," fundi akasema haraka. "Ni mimi. Yeye hakuwepo."

Mwanamke akamshika vidole, akavinusa kimoja kimoja. Mguso wake ulikuwa wa nyama mbichi. Fundi alitamani kuukata mkono wake mwenyewe autupe.

"Hivi vinanuka gundi na msasa," mwanamke alinong'ona. "Wengi hubandua kwa sababu nimewaomba. Hivyo pumzi ya mwanangu haishiki. Nilikuwa namtafuta wa kuona raha."

Akamtazama mke wa fundi juu ya bega la mumewe. Akatabasamu. Akabeba kasha lake, tupu kabisa, na alipokuwa akilipitisha mlangoni kuta zake zikafanya ukungu.

Kwa ndani.

Fundi alifunga mlango, akaweka komeo, akaweka na kiti. Mkewe alishaingia chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, amempa mgongo, anajikuna kisogoni.

"Hebu nitazamie," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna kitu kimenyanyuka."

Fundi akainua nywele. Chini yake palikuwa na kona. Kona ndogo ya ngozi, nyembamba, kavu, imenyooka kama iliyokatwa kwa msumeno. Ile harufu ya bandeji ikampiga usoni.

"Usiiguse," alisema. Akaikandamiza kwa kiganja ili ishike. Alipoondoa kiganja ikanyanyuka tena. Aliwaza gundi. Akajionea haya kwa kuiwaza, maana huyu alikuwa mkewe, si kasha, na alimpenda.

"Mimi siigusi," mkewe alisema. Akainamisha kichwa, shingo yote ikabaki wazi. "Bandua wewe... taratibu tu. Ukianza vizuri inatoka nzima."

Fundi alitaka kukataa, alitaka kupiga kelele majirani waje. Lakini alipotazama chini aliona ukucha wake ulikuwa umeshaingia chini ya kona ile.