Aliyeketi Ndani ya Jicho

Mama alitunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila miwani, huku akipiga soga na jirani dirishani.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mfuko wa vitunguu mkononi, na hakuweka mfuko chini. Mtoto mwingine yeyote wa mama wa miaka sabini na moja angefurahi na kwenda jikoni. Lakini huyu kazi yake ilikuwa kupima macho, mwaka wa kumi sasa, kwenye kliniki ndogo ya kona ya mtaa, na alichokiona pale hakiwezekani.

Lenzi ya jicho haipotezi kitu. Tangu mtu akiwa tumboni inajifunika tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu, na ile sehemu ya kwanza kabisa hubaki katikati mpaka siku ya kuzikwa. Kila mwaka inakakamaa kidogo. Umri ukifika arobaini na kitu, mtu anaanza kusogeza gazeti mbali, kisha mbali zaidi, ndipo anapoletwa kliniki akilalamika kwamba wachapishaji wa siku hizi wanabana herufi. Hapo mpima macho humwambia utani wake uleule: "Macho yako mazima, mzee wangu. Ni mikono tu imekuwa mifupi." Kidoti, bintiye wa miaka minane, alikuwa ameusikia utani huo hadi akawa anaumalizia yeye.

Na mama mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Sindano kwa ufundi wake wa cherehani, alikuwa na zaidi ya lenzi kukakamaa. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Hospitali ilikataa kumpasua kwa sababu ya moyo wake. Miaka mitatu sindano zake zilitungwa na Kidoti.

"Mama, miwani yako iko wapi?"

"Ipo ipo tu. Inanibana pua." Bi Sindano aliendelea kushona. "Mbona umenikodolea hivyo? Na kitunguu kimoja umechagua kilichooza. Kile cha chini."

Kilikuwa kimeoza kweli, na mfuko ulikuwa wa karatasi uliofungwa nusu.

Kesho yake akampeleka kliniki. Bi Sindano alisoma chati ya herufi mpaka mstari wa mwisho, kisha, bila kuambiwa, akasoma jina la kiwanda lililochapwa chini kabisa, ambalo binti yake hakuwahi kulisoma bila kusogea. Fundi Miwani, yule bwana wa chumba cha nyuma anayechonga lenzi na kuchonga maneno pia, alitoa kichwa mlangoni. "Bi mkubwa, utatufungia biashara," akasema.

Mpima macho hakucheka. Alizima taa, akamwekesha mama kidevu kwenye darubini, akapitisha mwanga mwembamba juu ya mboni. Ukungu wote uliokuwa pale ulikuwa umeondoka. Lenzi ilikuwa safi kama ya mtoto wa shule, isipokuwa nukta moja katikati kabisa, pale palipotakiwa kuwa na ile sehemu aliyozaliwa nayo mtu. Akaongeza ukubwa. Nukta ikawa na mabega.

Alikuwa mtu, mdogo mno, ameketi amekunja magoti, amempa mgongo.

Akafuta kioo, akarudia. Akahamia jicho la pili, akamkuta huko pia, mkao uleule. Na katika chumba kile chenye harufu ya dawa ya kufutia mikono ikaingia harufu nyingine, ya utosi wa mtoto mchanga na maziwa yaliyoanza kuchacha.

"Unaona nini?" mama akauliza.

"Hakuna, mama. Mazima."

Alisema uongo kwa sababu mama alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile alikuwa hajaliona miaka mingi.

Wiki iliyofuata alijikuta anasukuma faili mbali ili asome jina la mteja. Alidhani ni uchovu. Fundi Miwani akampima kwa mzaha, halafu mzaha ukamtoka. "Dada, hii ni namba ya mtu wa hamsini. Wewe una thelathini na nne. Umekula nini?" Akamchongea miwani kimyakimya. Kisha zikaja mvi, zikaanzia juu ya paji la uso. Magoti yakawa yanalia ngazini. Siku zake za mwezi zikakoma. Ngozi ya viganja vyake, akiivuta, ilichelewa kurudi. Kila jioni alijipaka rangi nywele bafuni na kutoka akiimba, ili mtoto asishtuke. Baba yake Kidoti alifanya kazi mbali, na katika simu sauti haioneshi mvi.

Na kadiri yeye alivyochakaa, ndivyo mama alivyochipua. Fimbo ilisahauliwa nyuma ya mlango. Nywele nyeusi zikaota juu ya masikio. Bi Sindano alikuwa akishona nguo tatu kwa siku, akitania wauza mboga, na mchana alimpakata Kidoti wakicheza mchezo wa kutazamana bila kupepesa, pua kwa pua, na mtoto alikuwa akishindwa kila mara na kucheka mpaka anashikwa na kikohozi.

Furaha hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo mpima macho. Angeanzaje kumwambia?

Lakini siku moja alirudi nyumbani saa saba, jua limewaka, mtaa mzima umetulia, na kabla hajavua viatu akasikia kutoka chumbani kwa mama sauti ya kunyonya, sauti ya kitoto kichanga chenye njaa, kinavuta, kinapumzika, kinavuta tena, na kila kilipovuta yeye mwenyewe aliyesimama sebuleni alihisi kitu kikitoka nyuma ya kifua chake, taratibu, kama uzi unavyotoka kwenye kibonge, hadi akalazimika kushika ukuta, akatembea hivyo hivyo ameshika ukuta mpaka mlangoni, akausukuma kwa kidole, na akamwona mama yake amelala chali katikati ya kitanda, mikono imekunjwa vizuri, usingizi mzito, macho wazi, mboni zote mbili zikizunguka zikitafuta, mpaka zilipomfikia yeye zikasimama.

Sauti ikakoma. Mama hakuamka.

Mchana ule ule, kwa kisingizio cha kuhakikisha, akamrudisha kwenye darubini. Yule mtu alikuwa amegeuka ubavu. Shavu lake lilionekana sasa, bichi, la mviringo, na kona ya mdomo iliyolowa.

Ndipo akakumbuka. Miezi miwili nyuma, katika chumba hiki hiki, siku hospitali ilipowajibu kwamba hakuna upasuaji, alikuwa amemwinamia mama gizani akiutazama ule ukungu, na uchungu ukamzidi. Alisema kwa sauti ya chini, "Laiti ningeweza kukupa miaka yangu, mama. Ichukue." Na akajibiwa, "Ahsante."

"Mama," akauliza sasa, taa bado imezimwa. "Siku ile niliposema kuhusu miaka yangu, ulisema ahsante?"

Bi Sindano alifikiri. "Mimi sikusema kitu. Nilisikia hiyo ahsante, nikadhani ni wewe."

Hakuthubutu kuendelea. Ila siri ya namna hiyo haikai katika nyumba yenye macho kama yale. Jumamosi Bi Sindano, mikono imejaa kitambaa, akamwambia binti yake amtungie uzi. Mpima macho akajaribu. Uzi ukapita kando. Akaulowesha kwa mate, akaipeleka sindano mbali, akajaribu tena, mara ya tatu, mara ya nne, na alipoinua uso akamkuta mama ameacha kitambaa kidondoke.

"Tangu lini?" mama akanong'ona.

"Si kitu, mama."

"Nakuona mpaka vinyweleo, mwanangu. Naona rangi ulikopaka na ulikosahau. Tangu lini?"

Akamweleza yote. Bi Sindano alisikiliza huku akivipapasa viganja vya binti yake, akiivuta ngozi na kuiangalia inavyochelewa kurudi.

"Kumbe nilikuwa nakula wewe," akasema mwisho. Machozi yalimtoka, maji safi kabisa. "Tafuta mtu. Leo, kesho, wakati wowote. Nitoe hiki kitu."

"Na moyo wako? Na macho?"

"Nilikuzaa nikuone, au nikuzike?"

Mtu alipatikana kwa Fundi Miwani. Shangazi yake alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye viatu vya mpira, aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa ule, na katika kupokea watu, kama alivyosema mwenyewe, alijifunza kuvitambua visivyo watu. Hakuja na mbwembwe. Alitaka iwe mchana, chumba kile kile, darubini ile ile.

"Huyu jini hazeeki, ila hana miaka ya kwake," akawaambia. "Ni kupe. Alifunguliwa mlango kwa neno, na atatolewa kwa neno. Aliyetoa ndiye atakayedai." Akawatazama mmoja mmoja. "Kuna mwingine nyumbani aliyetamka neno kama hilo?"

"Hakuna," mpima macho akajibu. "Tupo sisi wawili tu, na mtoto."

Mtoto alikuwa chumba cha nyuma, anamhesabia Fundi Miwani skrubu za miwani.

Mkunga akafunga mlango. Bi Sindano akaweka kidevu. Mpima macho, miwani usoni, akapitisha mwanga, na mara hii hakuhitaji kuongeza ukubwa kwa sababu uso ulikuwa umegeuka kabisa na umejaza lenzi, uso wa mtoto mchanga usio na kope, unamtazama yeye kwa shauku, midomo ikichezacheza, na ile harufu ya maziwa ikapanda, na mama akaanza kutoa sauti ambayo si yake, nyembamba, ya kubembeleza, ikisema mama bado mama kidogo tu mama, na mpima macho aliyewahi kunyonyesha akahisi kifua chake kinaitikia, kinauma, kinataka kutoa, huku mkunga akimminya bega kwa nguvu na kumwambia sikioni, "Huyo si mwanao. Dai."

"Nataka changu," akasema.

Sauti ikalia.

"Nataka changu. Rudisha. Nataka changu."

Uso ukakunjamana, ukanywea, ukawa nukta, na nukta ikachomoka. Taa ya darubini ikapasuka. Kitu kikapita sakafuni, chepesi, kinatambaa, kikaenda upande wa mlango wa chumba cha nyuma. Mkunga alikiangalia kilikopita kwa muda mrefu kabla ya kuwasha taa.

Bi Sindano alikuwa ameegemea mashine, mdogo, mzee, ukungu umemrudia machoni. "Upo?" akauliza, akipapasa hewani.

"Nipo, mama."

"Basi."

Wakalia wote wawili, na mkunga akawaacha walie.

Siku tatu baadaye mpima macho alivua miwani. Magoti yakanyamaza. Mvi ziliota mara moja zaidi kisha zikaacha. Alifurahi kama mtu aliyetoka jela, akanunua kitambaa cha gauni, akamtungia mama sindano kumi kwa mkupuo na kuzichomeka kwenye mto wa cherehani ziwe akiba. Bi Sindano alirudia fimbo yake na manung'uniko yake, na moyo wake, ingawa dhaifu, uliendelea kudunda.

Wiki ya tatu, kliniki, akiwa amekaa kwenye kiti cha mteja anakunywa chai, macho yake yakatua kwenye chati upande wa pili wa chumba. Akasoma mstari wa mwisho. Akasoma jina la kiwanda. Chini yake kulikuwa na maandishi mengine madogo mno, namba ya toleo, ambayo hakujua kama ipo. Akaisoma nayo.

Chai ilipoa mkononi.

Alifunga kliniki kabla ya saa, akaenda nyumbani mwendo wa kukimbia, na hakuhema hata kidogo. Bi Sindano alikuwa kwenye cherehani, anashona kwa kupapasa. Kidoti alikuwa mezani na kitabu chake cha kusoma. Alikuwa amekinyoosha mbele, mkono mmoja wote, kichwa amekirudisha nyuma, amefinya macho.

Mpima macho alipiga magoti kando ya kiti.

"Kidoti. Uliwahi kuongea na mtu kuhusu mimi?"

"Yule wa kwenye jicho la bibi," mtoto akasema, bila wasiwasi. "Tulikuwa tunatazamana. Aliniuliza kwa nini nasikitika, nikamwambia mama anazeeka. Nikasema achukue miaka yangu ampe mama, mimi bado ninayo mingi." Akafikiri kidogo. "Akasema ahsante."

Cherehani ikasimama.

Kutoka pale alipopiga magoti, mpima macho aliona kila kitu kwenye kichwa cha binti yake, kila unywele, na ule mmoja mweupe juu ya sikio. Harufu ya maziwa ilikuwa inatoka kwenye pumzi ya mpima macho mwenyewe.

Kidoti alisukuma kitabu mbali zaidi, mpaka kiwiko kikanyooka, kisha akamgeukia mama yake akicheka, kwa sababu huo utani aliujua.

"Mama, ona. Mikono yangu imekuwa mifupi."