Unyayo Sakafuni

Kila Jumamosi, Kwanini alimfuata shangazi yake kazini. Shangazi alikuwa mwongoza watalii kwenye magofu ya mji wa kale, na binti huyu alibandikwa jina hilo kwa sababu maswali yake hayakuwa na breki. Alitaka kujua maji ya chemchemi yanatoka wapi, na kwa nini popo wa pangoni hulala miguu juu.

Siku hiyo, shangazi akiwa bado chemchemini, mama mmoja mgeni aliona unyayo mdogo kwenye sakafu ya chokaa. "Huu ni wa nani?" aliuliza.

Kwanini hakujua, lakini aliona aibu kusema hivyo. "Wa binti mfalme," alijibu, macho makavu kabisa. Wageni wakapiga picha, naye akavimba kichwa.

Shangazi alipofika, yule mama akamwuliza, "Huyo binti mfalme aliitwa nani?"

"Binti mfalme yupi? Mji huu uliongozwa na baraza la wazee. Haukuwa na mfalme."

Mama alikunja uso. "Kumbe! Na yale mliyotueleza ya chemchemi na pango, nayo mmetunga?"

Shangazi alimtazama Kwanini bila kumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Kazi ya shangazi ilikuwa kuaminiwa, na sasa alikuwa ametiwa doa.

"Nimetunga mimi," Kwanini alisema. "Shangazi huwa hadanganyi. Nisamehe, mama. Unyayo sijui ni wa nani."

"Hata mimi sijui," shangazi alisema, akampa ufagio laini. "Haya, tutazame."

Kwanini alipiga magoti pembeni, upepo ulikokuwa umejaza mchanga, akafagia polepole. Ukatokea unyayo wa pili, mbali na ule wa kwanza, vidole vimezama.

"Alikuwa anakimbia!" Akaendelea kufagia. Mbele yake zilionekana alama za kwato ndogo. "Mbuzi! Labda alikuwa anamfukuza mbuzi, chokaa bado mbichi!"

Alivua kiatu, akaweka mguu kando ya unyayo. Vililingana.

"Mtoto kama wewe! Lazima fundi wa sakafu alimtimua," mama yule alisema akicheka, uso umekunjuka.

"Usipojua, sema hujui, kisha chunguza," shangazi alimwambia Kwanini. "Ungeshikilia uongo wako, huyu mtoto tusingempata."

"Sawa, shangazi. Lakini alimkamata yule mbuzi?"

"Sijui," alijibu shangazi, na wageni wote wakainama kutafuta.