Machela ya Jumbe Mughwai

"Isaka, umemwambia Bwana Mganga njia ni ndefu?" Lea alimuuliza, wamejitenga na baraza.

"Ndivyo nilivyosema."

"Kutoka hapa Unyambwa mpaka hospitali ya Singida? Akina mama wanakwenda sokoni na kurudi jua halijawa kali."

Serikali ya Mwingereza ilimtuma Isaka apite kijiji kwa kijiji na Bwana Mganga, daktari wa serikali, achunguze kwa nini wagonjwa mahututi wanachelewa kufika hospitali. Kazi ya heshima hiyo. Tatizo, jibu la Unyambwa lilikuwa nyumbani kwa baba yake Lea, mchumba wake. Machela ya kubebea wagonjwa ilikaa ndani kwa jumbe Mughwai, na bila ruhusa yake hakuna aliyethubutu kuigusa. Cecilia, mama mmoja wa pale kijijini, aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, jumbe alikuwa kwenye pombe ya mavuno kijiji cha pili. Wabebaji wakakaa uani kumngoja. Mtoto akafa.

"Lea, nikimtaja baba yako, harusi hakuna."

"Najua."

"Nakupenda mno."

"Na mimi nakupenda, ndiyo maana inaniuma. Uliposema njia, Cecilia aliinamisha kichwa pale barazani. Siku ile wabebaji walinikuta mimi nyumbani, Isaka. Nikawaambia wamngoje baba. Sasa na wewe unamngoja baba."

Isaka akarudi barazani, Lea nyuma yake. Bwana Mganga alikuwa bado anakunywa chai pamoja na jumbe na wanakijiji.

"Bwana, nilidanganya. Njia ni fupi. Machela ilifungiwa kwa jumbe, naye hakuwepo."

Jumbe akasimama taratibu.

"Kijana, umesahau unamwoa binti wa nani?"

"Sijasahau, mzee. Ndiyo maana nilidanganya."

"Na mimi niliwaambia wabebaji wakungoje, baba," Lea akasema.

Mzee alimtazama Cecilia. Kisha akaenda nyumbani kwake mwenyewe, akarudi ameibeba machela, akaiweka mbele ya yule mama.

"Mwanangu, ikae kwako. Anayeihitaji aichukue tu."

"Nitaitunza, mzee," Cecilia akajibu. "Lakini mwanangu harudi."

Jumbe akamgeukia Isaka, uso umemshuka.

"Lete ng'ombe, uoe. Lakini binti yangu akishikwa na uchungu, usije kunibishia hodi mimi. Kimbilia kwa Cecilia."