Karatasi ya Shemeji

Dada, kabla hujarudi kazini nataka nikiri, kwa kuwa Mungu keshajua na umebaki wewe.

Ulipokwenda kujifungua uliniachia chumba cha kupimia moyo, na ile mashine yenye vikombe sita vya mpira vinavyong'ang'ania kifuani. Ulinisisitizia kwamba mwanamke hapimwi juu ya nguo, karatasi itadanganya. Wanaume niliwapima sawasawa. Wanawake niliwaonea haya. Alipokuja mwanamke nilimlaza na nguo zake, nikavuta pazia, nikajibandika vikombe mwenyewe, na juu ya karatasi nikaandika jina lake. Nikajiambia hiyo ni stara. Niliwafanyia hivyo wanawake saba.

Wa saba alikuwa shemeji, mke wa kaka yangu, fundi cherehani. Hakushika kifua kama wanaume wanavyoshika. Alisema taya linamuuma kama jino bovu, kichefuchefu hakimwachi, na akipanda ngazi tatu lazima akae. Kaka akamtania kwamba amezeeka kabla ya cherehani yake.

"Shemeji," akaninong'oneza pale kitandani, "ni kama nimembeba mtu mgongoni, na hataki kushuka."

Nikampima, yaani nikajipima. Karatasi zetu hutoka na vuguvugu. Hiyo ilitoka ya baridi. Daktari akaitazama, akacheka, akasema moyo huu hata mchukuzi wa magunia angeutamani. Akaandika gesi na wasiwasi, akampa dawa za tumbo. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, shemeji alikufa akiwa anashona, mguu bado uko juu ya kanyagio.

Msibani kaka alimwambia kila aliyempa mkono kwamba mkewe hakufa kwa uzembe, mdogo wake mwenyewe ndiye aliyempima. Nami nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikiitikia kwa kichwa.

Wiki iliyofuata, saa nne, chumba chetu cha kupimia kikanuka mafuta ya cherehani. Nikafungua dirisha, harufu ikazidi. Kisha chini ya kitanda kanyagio likaanza, taratibu, likiruka pigo moja kama moyo mbovu unavyoruka, likaendelea, na mimi mgongo ukutani nasoma kila dua ninayoijua, huku nikihisi vidole vyembamba vyenye sugu ya sindano vikinifungua vifungo vya shati kimoja kimoja, kwa adabu, kama vya mtu anayechelea kuniaibisha, vikinibandika kifuani kitu cha duara, cha baridi, kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka sita vikatimia, na mashine ambayo sikuiwasha ikaanza kutema karatasi yenye jina la shemeji kwa mwandiko wangu, na mistari yake ilikuwa ya moyo unaokufa.

Nilimpelekea daktari karatasi hiyo, akasema mashine imeharibika. Akaniuliza kama kifua kinanibana. Nikasema hapana, ni taya tu. Akaniandikia gesi na wasiwasi.

Nikaenda kwa mzee wa kisomo. Alipokuwa ananisomea, kinywani mwangu ikatoka sauti ya shemeji, laini vilevile.

"Umemwingiaje mtu huyu?" akauliza mzee.

"Sikumwingia. Yeye ndiye aliyeniandika kifuani mwake."

"Utatoka lini?"

"Tuko saba. Mimi nimetangulia tu. Aseme."

Mzee akanitazama, akingoja. Nikamwambia sina la kusema, maana nikisema, kaka atajua. Akakunja mkeka wake, akasema yeye hana dawa ya mtu anayeficha mwiba halafu anataka akamuliwe usaha.

Juzi chumba kilinuka chaki. Yule mwalimu niliyempima wa nne, au tuseme niliyejipima kwa jina lake, alizikwa jana. Leo saa nne zimesikika sauti mbili: kanyagio chini ya kitanda, na chaki ikikwaruza ukutani. Na mikono iliyonifungua shati ilikuwa minne.

Kaka nitamwambia jioni hii, au nitaogopa tena; sijiamini. Wewe usinisubiri. Majina ya watano waliobaki nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Waite leo, dada, uwapime upya, na wavue nguo.