Mguu Mbele ya Simu

Fundi alikuwa amechoka tangu asubuhi. Alikuwa mshonaji wa nguo, na cherehani yake ilikaa karibu na dirisha la chumba cha mbele. Alikuwa hajamaliza hata mshono mmoja, mama yake akaita kutoka chumbani.

"Mwanangu, nisaidie kwenda msalani."

"Nakuja, mama."

Mama alikuwa na kisukari. Chini ya kidole gumba cha mguu alikuwa na kidonda kisichopona. Hospitali kubwa ilikuwa mbali. Kwenda huko ni kupanda mabasi mawili, kushinda kwenye benchi, na kurudi mguu umevimba kuliko ulivyokwenda. Mara ya mwisho Fundi alimbeba mama yake mgongoni kutoka kituoni. Tangu siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kiuno.

Katika zahanati ya jirani kulikuwa na muuguzi. Watu walimwita Mama Sindano, ingawa mkono wake ulikuwa mwepesi. Siku moja alimwambia Fundi kuna njia nyingine.

"Daktari bingwa wa hospitali kubwa atawapigia simu ya video. Mtaonana naye mkiwa nyumbani."

Fundi nusura alie kwa furaha.

Siku ya simu, alifanya kama mtu anayengoja mgeni wa heshima. Alifagia nyumba. Alimwogesha mama, akampaka mafuta, akamvika gauni la kutokea. Kidonda kilikuwa kinanuka. Fundi akakipaka poda ya mtoto, akakifunga kitambaa, akamvisha mama soksi nyeupe. Simu ikalia.

"Shikamoo, mama," alisema daktari. Alikuwa kijana mwenye miwani. "Unaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo kabisa."

"Na mguu?"

"Haujambo. Hofu ni kwenu huko."

"Naomba niuone."

"Umefungwa sasa hivi tu," mama alisema. "Tusiufungue tena."

Daktari akamwambia Fundi, "Basi kesho mpeleke zahanati, muuguzi aufungue, kisha anipigie."

Kesho yake Fundi alikuwa na nguo za wateja zimelala hapo tangu juma lililopita. Hakwenda. Na kesho yake tena hakwenda. Mama naye hakumkumbusha.

Mguu ukavimba, ukawa wa moto. Fundi alikwenda zahanati amekasirika.

"Hiyo simu yenu haina maana," alimwambia Mama Sindano. "Daktari kaongea na mama, na mguu ndio unazidi."

"Mlimwonyesha kidonda?"

Fundi akatikisa kichwa. Mama Sindano akachukua mkoba wake, wakaongozana hadi nyumbani.

Alivua soksi taratibu, akafungua kitambaa. Poda ilikuwa imegandamana na usaha.

"Nani kapaka poda?"

"Mimi," alisema Fundi. "Sikutaka daktari asikie harufu."

Mama Sindano akamtazama. "Harufu haipiti kwenye simu, Fundi."

Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kucheka.

"Sikilizeni," alisema Mama Sindano. "Daktari wa kwenye simu hana pua, wala hana vidole vya kukugusa. Anaona kile tu unachomwonyesha. Kama kidonda kinanuka, mwambie kinanuka. Kama mguu una moto, mwambie. Usimpambie."

Mama akageuka ukutani. "Niliogopa," alisema. "Nilijua akiuona tu, atasema ukatwe."

Fundi akaketi sakafuni. Moyo ulimuuma. Kumbe mama yake alikuwa amebeba hofu hiyo peke yake siku zote.

"Tukizidi kuuficha ndiyo utakatwa," alisema Mama Sindano.

Walimkalisha mama karibu na mlango, penye mwanga. Mama Sindano alikisafisha kidonda kwa maji safi, akampima mama sukari, kisha akampigia daktari. Fundi alishika simu, akaisogeza mpaka kidonda kikaonekana vizuri.

"Mama, unaumwa?" daktari aliuliza.

"Kidonda hakiniumi sana, ila kinanuka. Mguu una moto. Na vidoleni sisikii kitu. Nilidhani ndiyo kupona." Akaegemea ukuta. "Na nimechoka, mwanangu."

"Pole sana, mama. Huko siyo kupona. Sukari ikizidi, mguu hufa ganzi, na mtu haumii hata akijikata." Kisha akamwambia muuguzi, "Weka vidole viwili juu ya mguu, usawa wa kidole gumba. Usibonyeze sana. Unasikia mshipa?"

"Sisikii."

"Sogea kidogo ndani."

"Hapa," alisema Mama Sindano. "Unapiga."

"Vizuri. Damu inafika. Tuna nafasi ya kuuokoa."

"Ngoja nifanye tena," alisema Mama Sindano, "ili na mgonjwa mwingine nijue." Daktari akamsubiri.

Kisha daktari akaeleza. Mama ameze dawa zote atakazopewa zahanati. Kidonda kisafishwe kila siku, kisipakwe poda wala kitu kingine. Mama asikanyagie mguu huo, atembee kwa magongo.

"Kesho nitauangalia tena," alisema. "Lakini ukianza kuwa mweusi, au homa ikipanda, au wekundu ukizidi kupanda mguuni, msingoje simu. Njooni hospitali siku hiyohiyo. Simu haiwezi kumpasua mtu."

Haikuwa kazi nyepesi. Kila siku ilikuwa kuosha, kufunga, kupima na kuonyesha. Kuna siku Fundi alisinzia ameshika simu, na daktari akawa anatazama dari. Lakini uvimbe ulishuka. Harufu ikaisha. Kidonda kikaanza kujifunga, polepole mno, mpaka siku moja daktari akakitafuta asikione.

Asubuhi moja mama alivaa viatu vipana, vya wazi, akachukua fimbo.

"Nakwenda zahanati kupima sukari," alisema.

"Ngoja nikusindikize."

"Unisindikize vipi, na macho yako mekundu kwa usingizi? Kalale."

Fundi alisimama mlangoni. Alimtazama mama yake akienda taratibu, akipumzika kidogo, akienda tena, kwa miguu yake yote miwili. Alipoona amefika salama kwenye lango la zahanati, aliingia ndani, akajitupa kitandani, akalala.